Tulihamishwa

Swali langu la kwanza kwa bibi nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, na lilikuwa swali baya. Nilimwomba anieleze "uhamiaji wa wananchi katika vijiji vya ujamaa". Bibi alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini, akanitazama kama mtu anayetajiwa bei ambayo anajua si ya kweli.

"Uhamiaji ni wa watu wa pasipoti," alisema. "Sisi hatukuhamia, mjukuu wangu. Tulihamishwa."

Alisema hivyo kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu, kusini mwa mji wa Singida, kwenye barabara iendayo Ikungi na Manyoni, mazungumzo ya kila siku ni ya Kinyaturu, au Kirimi kama wenyewe tunavyokiita. Kiswahili bibi hukitumia pale anapotaka jambo lisikosewe. Alijifunza kukisoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, na mpaka leo husoma kwa kufuata mstari na kidole. Mtu aliyejifunza hivyo hapuuzi silabi hata moja.

Nilicheka, nikaandika jibu lake pembeni mwa karatasi kama kichekesho cha kufungulia sura, nikaendelea na swali la pili.

Neno lile sikuliokota njiani. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu juu ya vijiji vya ujamaa mkoani Singida inaandikwa kwa Kiingereza. Hojaji niliitunga kwanza kwa Kiingereza, ambako nilikuwa nimeandika resettlement, kisha nikaitafsiri usiku mmoja kabla ya kupanda basi. Na resettlement, pamoja na ndugu zake wote, nililipata kidato cha tatu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aligawa ubao kwa mstari wa wima. Kushoto akaandika vitenzi, kulia nomino zinazotokana navyo: move, movement, settle, settlement, remove, removal, decide, decision, refuse, refusal. Tuliziimba kama tulivyoimba jedwali la kuzidisha shule ya msingi. Kisha akatupa siri ambayo hadi leo naiona ya kweli: anayetaka alama nzuri kwenye insha atoke kushoto, aende kulia. Kusema watu walihama ni kazi ya mtoto wa darasa la sita. Andika the movement of people, na mtahini anakaa vizuri kitini. Nilimwamini. Kidato cha nne nilifaulu Kiingereza kwa kuandika insha ambazo ndani yake hakuna mtu hata mmoja aliyefanya kitu.

Asichotuambia, kwa kuwa hakikuwa kwenye muhtasari wa somo, ni kwamba safu ile ya kulia ina historia yake. Waingereza wana namna yao ya kienyeji ya kukifanya kitenzi kiwe nomino, ile -ing ya building na meeting, na walikuwa nayo kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066. Viishio kama -ment na -tion vilikuja na wageni: Kifaransa cha watawala, Kilatini cha kanisa na mahakama. Kwa muda mrefu mkulima wa Uingereza alilima, akavuna na akahama kwa Kiingereza chake, lakini alipotozwa kodi au kuhukumiwa, maneno yaliyotumika yalikuwa ya Kifaransa. Government, payment, judgement. Nomino hizi zilikuwa za ofisini karne nyingi kabla hazijafika kwenye ubao wetu.

Huku kwetu nako zilifikia ofisini. Sheria iliyovitambua vijiji vyetu, ya mwaka 1975, ilitungwa kwa Kiingereza, na ndani ya jina lake rasmi kuna mabano yenye nomino tatu mfululizo: Registration, Designation and Administration. Nani aandikishe, nani ateue, nani atawale, jina halisemi. Ukiifungua utamkuta msajili, na utakuta hesabu ya kaya zinazotosha kufanya kijiji, zisizopungua 250. Mkulima humkuti akifanya mengi.

Ningependa kusema kwamba Kiswahili hakina mchezo huo, lakini ningekuwa nadanganya. Kiswahili hutoa nomino kwenye vitenzi kwa urahisi wa ajabu. Chukua pika: unapata mpishi, mpikaji, mapishi, upishi, upikaji. Tofauti ninayoiona ni kwamba nomino zetu hubeba mizigo ya kitenzi wazi wazi zaidi. Katika kamusi ile ya mwaka 1939 inayojulikana kwa jina la Frederick Johnson, nomino za namna hii huwekwa chini ya vitenzi vyake. Ukimtafuta mpishi, unaelekezwa kwa pika. Kamusi za siku hizi huipa kila nomino nafasi yake ya kialfabeti, na kwa msomaji mwenye haraka ni nafuu kubwa. Ila ile ya zamani ilikuwa na ukaidi ninaoupenda. Nomino ilibaki nyumbani kwa mzazi wake.

Kuna wakati nomino inakumbuka hata kile ambacho kitenzi kimesahau. Komboa, pindua na chagua zamani vilikuwa na l: kombola, pindula, chagula. Kiswahili kikaiangusha l hiyo katikati ya irabu. Lakini pale ilipokutana na i ya mwisho wa nomino iligeuka kuwa z, na z haikuanguka: mkombozi, mapinduzi, uchaguzi. Mahali pengine l hiyo inapojitokeza ni pale tunapotendwa: tunakombolewa, tunapinduliwa, tunachaguliwa. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikaa maktaba saa nzima nikijaribu vitenzi kimoja baada ya kingine, kazi ya tasnifu ikiwa imefunikwa mbele yangu.

Sasa hama. Kutoka hama tunapata mhamaji na uhamaji, mambo ya mfugaji anayefuata malisho. Kutoka hamia tunapata uhamiaji, yaani idara yenye mihuri na viza. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Kutoka hamisha tunapata uhamishaji, na pia uhamisho, neno ambalo kila mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na mwenzi wake analijua kwa uchungu. Kiingereza kinaweza kuwafunika wengi wa hawa kwa blanketi moja. Settle hutumika kwa aliyekwenda kwa miguu yake na kwa aliyepakiwa kwenye lori, hivyo resettlement haikulazimishi kuchagua. Kiswahili kinakulazimisha. Ile sh katikati ya uhamishaji inadai watu wawili: anayehamisha na anayehamishwa. Unaweza kukataa kuwataja, lakini umeshakiri kwamba walikuwapo.

Mwalimu Nyerere, mtu aliyewahi kumtafsiri Shakespeare, alikuwa mwepesi wa kuona mambo ya namna hii. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitoa Elimu ya Kujitegemea na baadaye Ujamaa Vijijini. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Kwa Kiingereza hoja hiyo inahitaji maelezo, maana develop hukubali pande zote mbili: nchi inaendelea, na nchi inaendelezwa. Kwa Kiswahili hoja imo ndani ya neno. Maendeleo yanatokana na endelea, na endelea inatokana na enda: kwenda mbele, mwenyewe. Anayemsukuma mwenzake mbele anafanya uendelezaji, na hilo ni neno jingine.

Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, kuishi kijijini kukawa amri. Ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinasema mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikuwa vijijini, na kufikia 1976 wapatao milioni 13. Hakuna kitenzi endelea kinachoweza kubeba watu milioni 11 kwa miaka mitatu.

Kazi hiyo ikapewa jina: Operesheni Vijiji. Neno operesheni liliingia Kiswahili peke yake, bila kitenzi chake. Hakuna mtu wa rika la bibi anayesema fulani alioperesha, au sisi tulioperehwa. Likabaki nomino tupu, na likafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mvua na njaa: kuhesabia miaka. Fulani alizaliwa mwaka wa operesheni. Ng'ombe yule mwekundu alikufa baada ya operesheni. Nimerekodi masimulizi ya wazee wa vijiji vitatu, na wengi wao hulitaja neno hilo kama mtu anavyotaja ukame, kitu kilichotoka upande wa mawingu.

Na ukame wenyewe ulikuwapo. Miaka ile ya 1973 hadi 1975 mvua zilikuwa haba sehemu nyingi za nchi, na Serikali ilinunua nafaka nje. Kwa Wanyaturu mambo hayo mawili yalipokutana yaliumiza kwa namna ambayo mgeni haioni haraka. Nyumba ya kwetu ilikuwa tembe, paa bapa la miti na udongo, na ubavuni mwake zizi. Mashamba ya uwele na mtama yalizunguka nyumba kwa sababu samadi ilitoka zizini, na samadi haibebwi mbali. Udongo wetu ni wa kichanga, wenye mawe kila mahali. Rutuba iliyopo iliwekwa na ng'ombe, mwaka hadi mwaka, na mtoto aliirithi kama anavyorithi ng'ombe wenyewe. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye kitabu chake juu ya uchumi wa Wanyaturu kilitoka mwaka 1970, alieleza vizuri jinsi ng'ombe na nafaka walivyofungamana hapa. Miaka minne baada ya kitabu hicho, watu walipangwa kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Shamba la zamani likabaki nyuma na samadi yake. Kiwanja kipya kilikuwa na mchanga.

Haya yote niliyaandika kwenye sura ya tatu ya tasnifu, kwa sentensi ambayo niliionea fahari. Ilisema kwamba resettlement ilisababisha abandonment ya mashamba ya samadi, na hivyo deterioration ya rutuba. Nomino tatu na mtu sifuri. Mwalimu wangu wa kidato cha tatu angeipigia vyema tiki.

Msimamizi wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alipigia mstari zile nomino na kuandika kwa penseli: "Nani?"

Nilidhani ni suala la mtindo. Nikakumbuka jibu la bibi, nikabadili resettlement kuwa forced removal, nikarudisha. Penseli ikarudi na swali lilelile. Alikuwa sahihi. Nilikuwa bado kulia mwa ubao; nilichoongeza ni kivumishi chenye hasira.

Safari hiyo alinipa pia kitabu, Language and Control, kilichotolewa mwaka 1979 na waandishi wanne waliokuwa wakichunguza lugha ya magazeti na ya kanuni za taasisi za Uingereza. Wanaonyesha jinsi kitenzi kinavyogeuzwa nomino na mtenda akatoweka njiani, hadi tukio likaonekana limejitendekea. Nilisoma nikijiona kama mtuhumiwa anayesomewa mashtaka. Ila sikubaliani nao kwa kila kitu. Nomino si mhalifu kwa kuwa nomino. Huwezi kukusanya watu uwanjani kwa kitenzi kisicho na mwisho. Bila ukombozi, muungano na uchaguzi tusingekuwa na la kuandika kwenye mabango. Shida huanza pale nomino inapokuwa kikomo cha swali badala ya mwanzo wake, na mimi nilikuwa nimekomea hapo mara mbili.

Basi nikarudi nyumbani likizo ya Pasaka.

Njiani, ndani ya basi, nilikuwa nalipiga jibu la bibi mbele na nyuma kichwani. Tulihamishwa. Mwanzoni lilinifurahisha kwa sababu lilikuwa kitenzi, na lilikuwa na ile sh. Tulipopita Manyoni niliona kitu kingine. Kauli ya kutendwa inakubali kwamba mtenda yupo, tena inamwekea kiti, lile neno dogo na: tulihamishwa na fulani. Lakini kiti hicho si lazima kikaliwe. Hata nomino zetu za kutendwa ziko hivyo. Mfungwa alifungwa, mtumwa alitumwa, na siku hizi tuna walengwa wa TASAF, ambao bila shaka wamelengwa. Zote zinasema kuna aliyefunga, aliyetuma, aliyelenga. Hakuna hata moja inayomtaja. Bibi, mtu asiyepuuza silabi, kwa miaka yote alikuwa anaweka nukta kabla ya na.

Nilimkuta uani anachambua mbegu za alizeti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda."

Nikasubiri chai iishe. Kisha nikauliza: "Bibi, mlihamishwa na nani?"

"Na Serikali."

"Serikali ilikuja hapa nyumbani?"

"Ilikuja na lori." Alicheka kidogo. "Lilikwama kwenye mchanga, tukalisukuma sisi."

"Na paa? Nani alipanda juu ya paa kuling'oa?"

Tembe haibomoki kwa kusukumwa. Lazima mtu apande, aondoe udongo kwanza, kisha ang'oe miti mmoja mmoja. Ni kazi ya nusu siku, na anayeifanya anaonekana na kila mtu.

Bibi aliendelea kuchambua alizeti kwa muda. Alipojibu, alijibu kwa Kinyaturu.

"Babu yako."

Babu alifariki nikiwa darasa la tatu. Nilijua kwamba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kadi yake ya TANU bado iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, na tukiwa wadogo tuliruhusiwa kuishika siku za sikukuu. Sikuwahi kujiuliza balozi alifanya nini mwaka 1974. Balozi, nikawaza pale pale, nomino isiyotokana na kitenzi. Halafu nikaona aibu kwa kuwaza hilo.

Kama bibi anavyosimulia, katibu kata alileta siku, na balozi alitakiwa kuhakikisha kwamba siku hiyo nyumba zake hazikaliki. Mgambo walikuja wawili tu, vijana wa mbali, wasiojua hata jinsi tembe inavyojengwa. Babu alijua. Mzee mmoja jirani aliomba asubiriwe amalize kupura uwele wake. Hakusubiriwa. Uwele ulibaki kwenye uwanja wa kupuria, na usiku ule mvua, iliyokuwa imekataa kunyesha miezi mingi, ilinyesha.

Ukoo wa mzee huyo na wetu tunazikana na kuozana kama majirani wengine. Hatuazimani jembe. Nilikua nikijua kwamba kuna kitu, na niliwahi kuambiwa ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Nina masimulizi ya mjukuu wake kwenye kinasa sauti changu, dakika 40, na ndani yake anasema nyumba yao "ilibomolewa wakati wa operesheni". Kila ninapoisikiliza sasa nasikia adabu yake. Alijua anazungumza na nani.

Nilirudi kwenye sura ya tatu. Haikuwa rahisi, na sababu si sarufi peke yake. Nomino zile zilikuwa zimeifaa familia yangu kwa miaka karibu 50, na mimi nilikuwa nimekwenda chuo kikuu kujifunza nyingine nzuri zaidi. Nilijaribu kuandika the ten-cell leader bila kusema ni nani. Ilikuwa kweli, na ilikuwa ule ule ujanja. Nilimuuliza msimamizi kama inaruhusiwa kumtaja mtu wa familia kwenye tasnifu ya historia. Alisema inaruhusiwa kama nina ushahidi, na kama mwenye ushahidi ameridhia.

Kwa hiyo sentensi niliiandika kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa kubwa, nikampelekea bibi aisome mwenyewe kabla sijaifanya Kiingereza. Ilisema: Mwaka 1974 balozi wa nyumba kumi, ambaye ni babu wa mwandishi, alibomoa mapaa ya nyumba tisa za majirani zake.

Alivaa miwani. Kidole kikaanza kushoto, kikaenda polepole, kikapita balozi, kikapita babu bila kusita. Kwenye tisa kikasimama.

"Kumi," alisema. "Alianza na yetu. Na miti aliyokuwa anaiteremsha, niliipokea mimi."